Kufumba na Kufumbua: Historia ya Kidokezo cha Fumbo na Mtihani Wake kwa Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili kina jozi za vitenzi ambazo mzizi wake ni mmoja, lakini kitenzi cha pili hutengua kile kilichotendwa na cha kwanza. Mtu hufunga, kisha hufungua. Huziba, kisha huzibua. Katika kundi hilo zimo jozi mbili zinazohusu mchezo wa akili, nazo ni fumba na fumbua, tega na tegua. Fumbo hufumbwa na hufumbuliwa. Kitendawili hutegwa na huteguliwa. Kwa hiyo sarufi yenyewe imekwisha kusema kwamba kazi ya anayeficha na kazi ya anayefichua ni kazi moja yenye ncha mbili, na kwamba fumbo lisiloweza kufumbuliwa halijakamilika kuwa fumbo.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya aina moja ya fumbo iliyokuzwa mbali na Pwani ya Afrika ya Mashariki, nayo ni kidokezo cha fumbo katika chemshabongo ya miraba ya magazeti ya Uingereza. Baada ya kueleza ilivyozaliwa na ilivyowekewa kanuni, mhadhara unaipambanisha na sanaa mbili za Waswahili wenyewe, yaani kitendawili na kinyume, kisha unauliza swali la kiisimu: je, Kiswahili kinaweza kubeba kidokezo cha aina hiyo bila ya kuvunja sarufi yake? Swali hili si la mchezo mtupu. Jibu lake hudhihirisha jinsi upatanisho wa kisarufi unavyofanya kazi, na vilevile hudhihirisha tofauti baina ya usemi unaomlinda msemaji na usemi unaomwajibisha.

Kuzaliwa kwa chemshabongo ya miraba

Chemshabongo ya miraba ilichapishwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World la Marekani. Mtungaji wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Umbo lake lilikuwa kama almasi, na vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja: maana ilitolewa, msomaji akatafuta neno. Kwa takriban miaka 10 mchezo huo ulibaki ndani ya magazeti. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu kizima cha chemshabongo, na tangu hapo mchezo ukawa homa ya watu wengi. Daily Telegraph la London lilianza kuchapisha chemshabongo zake mwezi Julai 1925. The Times, lililosita kwa muda mrefu, lilifuata tarehe 1 Februari 1930.

Mchezo ulipovuka bahari ulibadilika tabia. Aliyeubadilisha zaidi ya wote ni Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, kutoka katika Kifaransa cha Mardrus, ilitolewa mwaka 1923. Mathers aliona kwamba kidokezo kinachotoa maana peke yake hakina ladha. Akaanza kutunga vidokezo ambavyo kila kimoja kilikuwa na sura ya sentensi ya kawaida, ilhali ndani yake herufi zilipanguliwa, maneno yaliunganishwa, na maana zilipishana. Kuanzia mwaka 1926 hadi kufa kwake mwaka 1939 aliandikia gazeti la Observer kwa jina la kupanga la Torquemada, ambalo ni jina la kiongozi wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyejulikana kwa kutesa watu. Jina hilo lilikuwa tangazo la nia: wasomaji watateswa.

Mateso yalikuja kweli. Vidokezo vya Torquemada vilikuwa na werevu mkubwa, lakini mara nyingi msomaji aliyelipata jibu hakuweza kuthibitisha kwamba ndilo. Hapo likazuka suala la haki baina ya mtungaji na msomaji.

Kanuni za haki

Wa kwanza kulisema jambo hili waziwazi alikuwa A. F. Ritchie, mwalimu mkuu wa shule, aliyetunga kwa jina la Afrit. Jina hilo limechotwa katika herufi za jina lake mwenyewe, A. F. Rit-, na papo hapo ni neno la Kiarabu ambalo Waswahili wanalo kwa sura ya afriti. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 Ritchie alitenganisha mambo mawili. Mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji kwa sura ya nje ya maneno yake. Hana ruhusa ya kuandika maneno ambayo, yakisomwa barabara, hayafikishi kwenye jibu. Kwa maneno mengine, hila inaruhusiwa na uongo umekatazwa.

Msingi huo ulijengewa nyumba na Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kiyunani na Kilatini, aliyerithi nafasi ya Mathers katika Observer mwaka 1939 na kujiita Ximenes, jina la kiongozi mwingine wa mahakama ileile. Kitabu chake cha mwaka 1966 kilieleza muundo wa kidokezo halali. Kidokezo kiwe na maana kamili ya jibu. Kiwe na njia ya pili, ya herufi au ya sauti, inayofikisha kwenye jibu hilohilo. Na kisiwe na neno lolote lisilo na kazi. Baada ya kifo chake mwaka 1971, Jonathan Crowther aliichukua nafasi hiyo mwaka 1972 kwa jina la Azed. Jina hilo lina herufi ya mwanzo na ya mwisho za alfabeti ya Kiingereza, A na Zed, na likisomwa kutoka nyuma linatoa Deza, mtesaji wa tatu wa Hispania. Hata majina ya watungaji yamekuwa vidokezo.

Umuhimu wa kanuni hizi ni kwamba jibu hubeba ushahidi wake lenyewe. Msomaji aliye peke yake, bila ya mtungaji kuwapo, anaweza kusema kwa yakini kwamba amepata. Njia mbili zimekutana mahali pamoja, na makutano hayo ndiyo uthibitisho.

Vita, maficho na Mombasa

Uwezo wa namna hii haukubaki kuwa burudani. Mwezi Januari 1942 Daily Telegraph liliandaa shindano la kufumbua chemshabongo kwa muda usiozidi dakika 12. Baadhi ya walioshiriki walipokea barua baadaye, wakaalikwa kufanya kazi ya siri Bletchley Park, mahali ambapo Waingereza walivunja maandishi ya siri ya adui.

Miaka miwili baadaye chemshabongo za gazeti hilohilo ziliwatia hofu wapelelezi. Katika majuma yaliyotangulia kutua kwa majeshi huko Normandy tarehe 6 Juni 1944, majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune yalitokea gazetini, nayo yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni hiyo. Mtungaji, Leonard Dawe, aliyekuwa mwalimu mkuu, alihojiwa na kuachwa. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kwamba maneno hayo aliyasikia kwa askari, naye akayapanga katika miraba ambayo mwalimu aliwapa wanafunzi waijaze.

Pwani ya Waswahili nayo ina sehemu katika historia hii. Mwaka 1942, baada ya Colombo kushambuliwa na Wajapani, kituo cha Waingereza cha kuvunja maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, kikawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Hapo, mnamo Septemba 1942, wataalamu waliupata ufunguo wa maandishi ya siri ya meli za biashara za Kijapani, ambayo yaliunganisha mbinu mbili: kubadili alama, na kuzihamisha alama mahali pake. Mbinu hii ya pili, ya kuhamisha pasipo kubadili, ilikuwa ikichezwa na watoto wa Pwani hiyohiyo tangu zamani kwa jina la kinyume.

Kitendawili na kinyume

Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitolewa kwanza mwaka 1870, aliingiza ndani yake mifano ya kinyume. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho hutangulizwa. Nyumba huwa mbanyu. Mtoto huwa tomto. Aliyezoea huzungumza kwa kasi na asiyezoea huachwa nje ya mazungumzo. Katika kinyume umbo tu ndilo linalofichwa. Maana haiguswi, wala haidokezwi.

Kitendawili ni kinyume cha kinyume. Hapa umbo la neno haliguswi kabisa. Kinachofichwa ni kitu chenyewe, kwa njia ya sitiari. Mtegaji husema, “Nyumba yangu haina mlango,” na jibu linalotakiwa ni yai. Mtu akijibu kaburi, hakuna kitu ndani ya maneno ya kitendawili kinachomkatalia. Anayemkatalia ni mtegaji, na nyuma ya mtegaji ni mapokeo. Ndiyo maana sherehe ya kitendawili inahitaji watu wawili au zaidi, na ndiyo maana aliyeshindwa hutakiwa kutoa mji. Mji ni bei ya ushahidi ambao kitendawili chenyewe hakina.

Kidokezo cha fumbo cha Torquemada na warithi wake kinaweza sasa kuelezwa kwa istilahi za Waswahili wenyewe: ni kitendawili na kinyume vilivyofungwa katika sentensi moja. Sehemu moja ya sentensi inatoa maana, sehemu nyingine inatoa umbo, na mshono baina yao umefichwa.

Iko sanaa ya tatu ambayo haifai kuchanganywa na hizi, nayo ni fumbo la kishairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, alitunga mashairi mengi kuhusu ushindani wa Wamazrui na watawala wa Oman. Maneno yake yaliweza kusemwa hadharani kwa sababu yalikuwa na sura ya jambo jingine. Fumbo la namna hii halina njia ya pili ya kulithibitisha, na makusudi yake ni kutokuwa nayo. Msemaji akishikwa anaweza kusema kwamba alikuwa akizungumzia chombo au samaki tu. Kanga inayovaliwa mbele ya jirani mgomvi hufanya kazi hiyohiyo. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua; lakini mwerevu huyo, pamoja na kuling'amua, hana cha kumshikia aliyelifumba.

Faida hiyo ina hasara yake. W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi ya Muyaka katika karne ya 19, alihitaji msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa ili ayaelewe, kwa kuwa ufunguo ulikuwa katika vichwa vya watu na si katika beti. Diwani ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, wengi wa wenye funguo walikuwa wamekwisha kufa. Fumbo lisilobeba ushahidi wake hufa pamoja na wafumbuaji wake.

Mtihani wa sarufi

Je, Kiswahili kinaweza kutunga kidokezo kinachojithibitisha? Kiingereza kilikuwa na wepesi wa pekee. Maneno yake mengi hayana alama ya aina yake. Umbo moja laweza kuwa nomino au kitenzi. Watungaji hutumia sana neno flower. Kwa msomaji wa kawaida ni ua. Kwa mtungaji laweza kuwa kitu kinachotiririka, yaani mto, kwa kuwa kiambishi -er huunda mtenda kutokana na kitenzi.

Kiswahili kina hila zinazolingana na hiyo. Mwanamofolojia akiona neno walikula hulikata wa-li-ku-l-a. Mtungaji wa fumbo huona wali na kula. Vilevile paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitenzi cha kuruka angani. Kaa ni mnyama wa baharini, ni kipande cha moto, na ni amri ya kuketi. Kidokezo chepesi chaweza kuwa hiki: “Mnyama, juu ya nyumba (3)”. Jibu ni PAA, kwa maana mbili zilizowekwa bega kwa bega. Kingine ni hiki: “Njia ya kupita bara mara mbili (8)”. Jibu ni BARABARA. Njia ni maana, na bara likiandikwa mara mbili ni umbo.

Neno laweza pia kufichwa ndani ya mengine: “Utajiri uliomo ndani ya Juma likizoni (4)”. Msomaji humfikiria Juma na mapumziko yake, lakini herufi za mwisho za Juma na za mwanzo za likizoni zinatoa MALI.

Ugumu huanza katika kupangua herufi. Samaki na masika ni maneno yenye herufi zilezile sita. Mtungaji atavutwa aandike: “Samaki walivurugwa majira ya mvua (6)”. Sentensi ni nzuri na haina kovu. Hata hivyo, msomaji mkali atapinga. Kiambishi wa- ni upatanisho wa viumbe hai. Kilichovurugwa si wanyama bali ni neno, na neno limevurugwa, au herufi zimevurugwa. Sura ya nje inadai wa-, na usomaji wa ndani unadai li- au zi-. Kwa kanuni ya Ritchie, hapa mtungaji hajatumia hila. Amesema jambo lisilo kweli. Kiingereza hakikabiliwi na tatizo hili mara kwa mara, kwa sababu kitenzi chake hakibebi alama ya ngeli.

Njia ya kutoka imo ndani ya sarufi hiyohiyo. Hali ya kuamuru haina kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Kwa hiyo: “Vuruga samaki majira ya mvua (6)”. Nje, ni agizo la ajabu kwa mvuvi. Ndani, ni agizo halali kwa msomaji avuruge herufi za SAMAKI apate MASIKA. Kila neno limefanya kazi, na upatanisho haukumsaliti mtu.

Kusoma kutoka nyuma huleta fundisho jingine. Neno la Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo likigeuzwa herufi kwa herufi huanza kwa irabu, na mara chache hutoa neno lenye maana. Uma hutoa Amu, jina ambalo wenyeji wa Lamu huuita mji wao, lakini mifano ya namna hiyo ni michache. Ukigeuza kwa silabi, kama wafanyavyo watoto katika kinyume, ghala hufunguka. Kazi hutoa zika, chapa hutoa pacha, na lima hutoa mali. “Lima kinyume upate utajiri (4)” ni kidokezo ambacho mkulima yeyote angekikubali kwa maana yake ya nje, au angekikataa kwa hasira.

Upeo wa sanaa hii ni kidokezo ambacho sentensi nzima ni maana na sentensi hiyohiyo ni umbo. Kiswahili hakikunyimwa bahati hiyo: “Toa kinywani mate kinyume (4)”. Toa kinywani ndiyo maana. Mate, yakisomwa kwa kinyume, ni TEMA. Na kinachotemwa ni mate yaleyale.

Ushahidi huu unaelekea upande mmoja. Kipimo cha asili cha mchezo wa maneno katika Kiswahili ni silabi, si herufi. Wajapani, ambao maandishi yao ya kana huandika silabi, huweka silabi moja katika kila mraba wa chemshabongo zao. Mtungaji wa Kiswahili anaweza kufanya hivyo pia, na kwa kufanya hivyo atakuwa ameepukana na swali la iwapo ch na ng' zihesabiwe kuwa herufi moja au zaidi.

Hitimisho

Kidokezo cha fumbo hakikuingia ulimwenguni kikiwa na kanuni. Kilianza kama mateso ya mtungaji mmoja mwerevu, kikawekewa haki na walimu wawili, kikajaribiwa na vita. Kanuni iliyodumu ni kwamba anayeficha awe tayari kufichuliwa, na kwamba ushahidi wa jibu uachwe ndani ya maneno, si katika mamlaka ya aliyeyatunga.

Waswahili walikwisha kuwa na viungo vyote viwili, maana katika kitendawili na umbo katika kinyume, ila havikupikwa katika chungu kimoja. Fumbo la kishairi nalo lina kazi yake ya heshima: kumlinda mnyonge asemapo mbele ya mwenye nguvu, na hakuna sababu ya kulilazimisha lijithibitishe. Lakini kwa mwanafunzi wa isimu, kutunga kidokezo kimoja halali cha Kiswahili ni zoezi linalomtaka ajue ngeli, mnyambuliko, silabi na utata wa maana kwa pamoja, na kosa lolote katika mojawapo litaonekana papo hapo. Akikosea upatanisho, fumbo litamkataa kabla ya mwalimu wake. Akipatia, mtu asiyemjua, mahali asipokuwapo, ataweza kufumbua alichokifumba na kuwa na yakini kwamba amekipata.